Siku Niliyobebwa Kwenye Kipoyi cha Bibi Harusi

Nikubali mapema, maana hapa Kalemie hata nikikataa kuna watu wana picha kwenye simu zao: yule mwanaume mwenye chokaa kwenye paji la uso, aliyekaa juu ya mito myekundu ya bibi harusi wa mtoto wa chefu mkubwa, mtawala wetu wa kimila, na sahani ya mikebuka, samaki wa ziwa letu, mapajani, ni mimi. Si ndugu yangu, wala si mtu tunayefanana naye, ni mimi mwenyewe Kisimba wa bandarini, na kama mnataka kucheka chekeni sasa mmalize, ili nikianza kusimulia msinikatize.

Kwanza muelewe hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimemchumbia Feza, wazee walikuwa wameelewana, mahari imekwisha kupokelewa, kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni siku ya kuingizwa. (Wale ambao hamna wakwe upande wa Moba, nisikilizeni vizuri hapa, vinginevyo mtaniona mjinga zaidi ya vile nilivyo.) Kwa watu wa Feza, ambao asili yao ni kule milimani, mwanaume akishachumbia haonani na mama mkwe wake. Si kwamba mnachukiana, hapana, ni heshima. Hamkutani njiani, hamtazamani usoni, hamli mahali pamoja, na kugusana ndiyo usiseme kabisa, mpaka siku wazee watakapokuita, wakupikie, wakushike mkono na kukuingiza ndani ya nyumba, na kuanzia pale wewe ni mtoto wa nyumba ile. Kabla ya siku hiyo, ukimwona mama mkwe anakuja unaacha njia, hata kama njia yenyewe ni ya lami na pembeni ni mtaro. Ukivunja mwiko unalipa mbuzi, na wajomba wakiwa wakali wanasema huyu hana adabu, apewe vitu vyake aende. Na wajomba wa Feza, nawaambia ukweli, hata kwenye picha za ubatizo wao wamekunja uso.

Kuingizwa kwangu kulikuwa kumepangwa Jumapili ya baada ya harusi ya mtoto wa chefu. Yaani nilitakiwa kuwa mwangalifu siku chache tu, kitu ambacho hata mbuzi aliyefungwa kamba angeweza.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mji mzima. Chefu wetu mkubwa wa kimila alikuwa anamuoza kijana wake kwa binti wa nyumba ya kichefu kutoka milimani, na akasema sherehe haitafanyika ndani ya ua wake, itafanyika kwenye bustani ya zamani, ile ya juu ya ziwa iliyopandwa na wazungu wa reli, yenye mistari ya michikichi, chemchemi ya mawe isiyotoa maji na ngazi ndefu zinazoshuka mpaka mchangani. Babu yangu alikuwa anaingia bustani ile akiwa na reki tu, kufagia majani, halafu anatolewa. Sasa chefu anasema njooni wote, kila mtaa ulete kitu chake. Mtaa mmoja ulileta ngoma, mwingine viti na maturubai, wetu ukapewa jiko, na mama mmoja akachaguliwa kati ya wamama wote wa mji kumpokea bibi harusi. Mama huyo ni Mama Apolina. Na Mama Apolina, kama mmeanza kukisia, ndiye mama yake Feza.

Kazi yake ilikuwa hii. Bibi harusi angeletwa kwenye kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani na wanaume wanne, kimefunikwa pazia pande zote mtu asimwone, na kingewekwa mbele ya chefu. Mama Apolina angefungua pazia na kumpaka bibi harusi pemba kwenye paji la uso, ule udongo mweupe wa baraka, halafu amshike mkono amshushe. Ni heshima ambayo mama anaipata mara moja, na wengi hawaipati. Feza aliniambia mama yake hakulala vizuri wiki nzima, alikuwa anajizoeza na mto wa kitanda, anafungua shuka, anaupaka mto, anaushika mkono. Ndiyo sababu Feza alikuja mpaka bandarini kunionya.

“Kisimba, usikuje kabisa,” akasema. “Mama atakuwa anazunguka kila pahali. Utakula ku nyumba.”

Nikamwambia sawa, na nilimaanisha. Lakini siku ya harusi nilitoka bandarini mchana, tumepakua boti ya Kigoma tangu asubuhi, tumbo limeshikana na mgongo, napita chini ya kile kilima na upepo ukaniletea harufu ya mikebuka inayokaangwa kwa mafuta ya mise, yale mekundu ya michikichi, na nikakumbuka kwamba anayesimamia masufuria kule juu ni dada yangu mkubwa, Zaina. Nikajiambia, mimi siendi harusini, mimi naenda jikoni, na jikoni si harusini. (Shetani akitaka kukupoteza hakuletei uongo mkubwa, anakuletea hesabu ndogo kama hiyo.) Nikapanda kwa nyuma, nikapita penye ukuta uliobomoka, nikamkuta Zaina, akanitazama kama mtu aliyeona moshi darini. Akaniambia mukwe wangu yuko hapo hapo, amekwisha kupita kukagua chumvi. Lakini dada ni dada. Akanipakulia samaki wawili, bukari (ugali wetu), pilipili juu, akaniambia nile nimesimama na niondoke.

Nilikula nimesimama, kweli. Sijamaliza samaki wa kwanza, nikasikia sauti ya Mama Apolina inarudi, anamuuliza mtu kisahani cha pemba kimewekwa wapi. Nikatoka na sahani yangu upande wa nyuma ya ile nyumba kuukuu ya bustani, nikasimama nyuma ya kichaka cha maua. Sauti ikazunguka nyumba. Nikasogea. Sauti nayo ikasogea, na safari hii iko na wamama wengine wanaimba, wanakuja kutoka upande wa chemchemi, na upande wa pili kuna ukuta, na mbele yangu, chini ya mchikichi, kimesimama kipoyi, pazia limefungwa, hakuna mtu karibu. Nikachungulia: kitupu. Nikawaza, nikae humu kidogo tu, apite, nitoke. Mwanaume mwenye adabu anaacha njia, na mimi nikaiacha.

Mtaniuliza bibi harusi alikuwa wapi. Alikuwepo dakika chache kabla, lakini joto na vitenge na shela vilimzidi, akaanza kuona giza, shangazi yake akamtoa kimya kimya akamuingiza ndani ya ile nyumba kumpa maji, bila kumwambia mtu, maana si vizuri ijulikane kwamba bibi harusi wa kichefu ameugua joto. Na wabebaji, ambao kazi yao ilikuwa kukilinda kipoyi, walikuwa jikoni kwa Zaina wanakunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kilichochachuka. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mito ni laini, ndani kunanuka manukato, na wamama wamefika karibu, wamesimama, hawapiti.

Halafu ngoma zikapigwa, wabebaji wakaja mbio, na kabla sijaweka mguu nje, nikainuliwa.

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga kelele. Mimi nilipima. Nikipiga kelele, pazia litafunguliwa hapa hapa na wa kwanza kuniona ni Mama Apolina. Nikinyamaza, labda watakiweka chini mahali, labda watasahau kitu, labda mvua itanyesha. (Ilikuwa kiangazi.) Nikanyamaza, nikaikumbatia sahani yangu isimwagike. Chini yangu nikawasikia wabebaji wanahema, mmoja akasema huyu dada wakati wa kuja alikuwa mwepesi, mwingine akamjibu kwamba munkoyo umemlegeza yeye mwenyewe mabega, anyamaze abebe. Wa tatu akasema ananusa samaki. Wakamwambia ni ziwa.

Tulizunguka bustani yote. Niliisikia Kalemie nzima inaniimbia. Wamama wanapiga vigelegele, watu wanasema bibi harusi amefika, ametulia, ana heshima, haonyeshi hata kidole, na mimi humo ndani jasho linanitiririka mpaka kwenye bukari, nikaomba kwa majina ya watakatifu wote niliowajua, na niliowasahau nikawaomba msamaha. Kipoyi kikashushwa. Ngoma zikanyamaza. Nikasikia makofi ya taratibu, yale ya kumsalimu chefu ukiwa umepiga magoti, nikajua tumefika mbele yake na aliyepiga magoti ni nani.

Pazia likafunguka kidogo, upande mmoja, kiasi cha mkono. Mkono ukaingia, vidole vimepakwa pemba, na kwa sababu mwenye mkono alikuwa ameinamisha uso kwa heshima, ulinipaka kabla macho hayajafika. Kwenye paji la uso, taratibu, kama alivyojizoeza na mto. Halafu akainua macho.

Tulitazamana, mimi na mama mkwe wangu. Mwiko wa kutazamana, mwiko wa kugusana, na mwiko wa kula mahali pamoja (maana sahani ilikuwa kati yetu), yote kwa mara moja. Sitausahau uso ule. Haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu ambaye nyumba yake inaungua na ameshika kikombe cha maji. Akafunga pazia.

Nikamsikia anawaambia watu, sauti haikutetemeka hata kidogo, kwamba bibi harusi amekataa kushuka, anaona haya, abebwe azungushwe tena mpaka nyuma ya nyumba atulizwe. Watu wakafurahi sana, bibi harusi anayekataa kushuka ni kitu kinachopendwa, na nikaanza kupumua, nikajiambia mama huyu ni malaika, tunarudi nyuma ya nyumba, naruka ukuta, nahamia Kigoma. Lakini chefu wetu ni mzee anayependa sherehe. Akasema kama mkwe wake anataka kubembelezwa, atambembeleza yeye mwenyewe. Nikasikia kiti chake kinalia, nikasikia watu wanasimama, nikasikia hatua zake nzito na fimbo.

“Mama,” akasema karibu kabisa na pazia, kwa upole kama anaongea na mtoto mdogo, “shuka tu. Hapa njo kwenu.”

Niliziba pumzi. Na hapo pilipili ya Zaina, ambayo ilikuwa imekaa kooni tangu nyuma ya nyumba, ikaamua nayo ishuke. Nikakohoa. Na mimi nikikohoa, watu wa bandarini wanajua, winchi inasimama.

 Chefu akainua pazia kwa mpini wa usinga wake, akaliinua lote, na Kalemie ikaniona. Nilikuwa nimekaa juu ya mito myekundu, magoti yamefika kidevuni, shati limelowa, paji la uso jeupe, samaki mmoja mzima na mmoja nusu. Nikawaona wajomba wa Feza kwenye mstari wa kwanza. Nikamwona Feza nyuma yao, ameweka mikono yote miwili kichwani, na hapo nilielewa kwamba Jumapili haitakuwepo, na kwamba mama yake, siku ya heshima yake kubwa, nimemvua nguo mbele ya mji.

 Aliyesema ni Mama Apolina. Alikuwa bado amepiga magoti, na kwanza akageuka, akanipa mgongo, kwa sababu hata mji ukiungua mkwe hatazamwi. Halafu akapiga makofi mawili matatu ya heshima.

“Chefu, utusamehe hatukukuambia,” akasema. “Kwetu kule milimani, bibi harusi wa nyumba kubwa hapite wa kwanza. Wa kwanza banabeba muntu wa bure, ili macho mabaya yote iishie kwake. Bibi harusi njo anakuja nyuma, mwenye kuwa safi.”

Mimi nimekula sana kwa watu wa milimani, na mpaka siku ile sikuwahi kusikia desturi hiyo. Nadhani chefu naye hakuwahi. Akamtazama Mama Apolina muda mrefu, na mimi nilimtazama yeye, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Kudanganya mbele ya chefu si jambo dogo, mama mwingine angepiga yowe tu, akaanguka, lawama zote zikanirudia. Huyu alikuwa ameweka jina lake lote juu ya kichwa changu. Na wakati ule ule mlango wa nyumba kuukuu ukafunguka, bibi harusi wa kweli akatoka, ameshapata nguvu, ameshikwa mkono na shangazi yake, na yule shangazi (ambaye naye alikuwa na yake ya kuficha, kwa kuacha kipoyi kitupu) akaona hali ilivyo, akapiga magoti pale pale mlangoni, akasema ndiyo, kwao njo vile.

“Na samaki njo ya nini?” chefu akauliza.

“Chakula ya macho mabaya, Chefu,” akasema Mama Apolina, bila kugeuka.

Chefu akanitazama tena, kutoka kichwani mpaka viatuni, akasema macho mabaya kweli yamenipata, inaonekana wazi, na akaanza kucheka, tumbo likatikisika, na alipocheka yeye mji wote ukacheka, ngoma zikaanza zenyewe. Akaniambia nishuke niende ziwani nikanawe vizuri, nisiache kitu.

Ikabidi niondoke kama mtu aliyebeba mikosi ya ukoo wa kichefu. Hakuna aliyetaka kunigusa. Watu walifungua njia, wamama wakawafunika watoto nyuso, jamaa mmoja niliyesoma naye akaniambia kwa mbali pole, akarudi nyuma. Nikashuka zile ngazi zote za mawe peke yangu, na sahani yangu (nani angeipokea?), nyuma yangu nikasikia vigelegele vipya, na nilipogeuka nikamwona Mama Apolina anampaka pemba bibi harusi, safari hii anayestahili, mkono umetulia kabisa. Nikaingia ziwani na nguo zangu. Nikanawa mpaka nikahisi ngozi inatoka.

Siku zilizofuata sikula wala sikuongea na mtu kazini. Nilijua uongo ule umeokoa harusi ya chefu, lakini haukuwadanganya wajomba. Wale wanajua desturi za kwao. Walikaa kikao, na Feza alikaa nyuma ya mlango akasikiliza, halafu akaja kuniambia, amekaa kwenye gunia la chumvi pale bandarini, na mwanzoni sikuweza kusoma uso wake. Akasema wajomba walitaka nirudishiwe kila kitu, kwa sababu nimemwangalia dada yao, mkono wake umenigusa, na habari ya samaki pia waliitaja. Walipomaliza, mama yake aliomba kusema.

“Akawauliza, ule kijana aliingia mule kufanya nini,” Feza akaniambia. “Halafu akawajibu yeye mwenyewe. Akasema, alikuwa ananikimbia mimi. Basi nyinyi munitafutie mukwe mungine, mwenye kunipa heshima mpaka anaingia mu kipoyi ya chefu. Mukimupata, huyu tutamurudishia vitu vyake.”

Wajomba wale wakakunja uso zaidi, wakasema mbuzi ilipwe. Mbuzi. Niliposikia mbuzi peke yake nilikaa chini, na nililia pale katikati ya magunia bila haya yoyote, Feza akawa ananicheka na yeye anafuta machozi. Sijawahi kununua mbuzi kwa furaha kama ile, nilichagua mkubwa kuliko aliyetakiwa, nikamvuta mwenyewe kwa kamba kupita mji mzima.

Jumapili ikafika. Mjomba mkubwa akanishika mkono mlangoni, akaniingiza. Mama Apolina alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge kipya, chakula mbele yake kimefunikwa. Nikapiga magoti, macho chini, kwa mazoea. Akaniambia niinue uso, sasa ni ruhusa. Nikauinua, naye akanitazama taratibu, bila haraka, kama mtu anayehakikisha ni yule yule.

“Leo umekuja na miguu yako,” akasema. “Kaa, mutoto yangu, tukule.”

Tangu hapo kumetokea jambo ambalo wajomba hawalipendi na mimi ndiyo kabisa: harusi kubwa hapa mjini siku hizi wanataka mtu wa kubebwa kwanza, wanasema njo desturi, na wamekuja kuniomba mimi kwa sababu nina uzoefu. Nimekataa na nitakataa. Kipoyi nikikiona hata kimeegeshwa kwenye ukumbi, navuka barabara. Na kwenye harusi ya mtu yeyote napita mlango wa mbele, namsalimu mama mkwe wangu kwa mikono miwili watu wote wakiona, halafu naomba samaki kwa sauti, nakaa kwenye kiti, nakula. Chakula cha kujificha sitakigusa tena, hata kikaangwe na dada yangu.